"Naona wageni!" Bunge likifunga milango wakati wa vita, wa baraza la pili ni mgeni au mwenyeji?

Karani Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jana nilikuwa naangalia Bunge, kile kipindi baada ya maswali ambapo wageni walioko jukwaani hutambulishwa. Wanafunzi wa chuo fulani, viongozi wa dini, mke wa mheshimiwa fulani. Kila kundi linasimama, linapunga mkono, makofi. Nikacheka peke yangu mpaka mama watoto akauliza kulikoni. Nilikuwa nimekumbuka kwamba katika Bunge lililotuachia joho, siwa na huu mtindo wa "mheshimiwa Spika", kutambua wageni kulikuwa na maana iliyo kinyume kabisa. Kule Uingereza zamani mbunge akisimama akasema "Naona wageni", hapakuwa na makofi. Wageni walitolewa nje.

Nina swali ambalo nimelifuatilia muda mrefu tangu niache ukarani. Nchi yenye mabaraza mawili ikiingia vitani, na baraza moja likataka kuzungumza kwa siri, wale wa baraza la pili wanahesabiwa vipi? Ni wageni wa kutolewa pamoja na waandishi wa habari, au ni wenyeji?

Naanza na kisa cha zamani kidogo. Kwa Makabwela (nalitumia jina tulilozoea redioni, House of Commons ndiyo hiyo), kila asiye mbunge wa hapo ni mgeni. Hata mwinyi wa baraza la jirani (Baraza la Mamwinyi, yaani House of Lords), mwenye kiti chake kwenye jengo hilohilo, akivuka ukumbi akapanda jukwaani kusikiliza, ni mgeni. Tarehe 27 Aprili 1875 kulikuwa na mjadala wa ufugaji wa farasi. Mwana wa Malkia, Prince of Wales, alikuja kusikiliza maana farasi walikuwa ugonjwa wake. Mbunge mmoja wa Ireland, Joseph Biggar, akasimama: naona wageni. Kwa kanuni ya siku hizo neno la mbunge mmoja lilitosha. Mrithi wa kiti cha enzi, ambaye pia alikuwa mjumbe wa Mamwinyi, akainuka akatoka pamoja na wengine.

Serikali iliona aibu. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu Disraeli alipitisha utaratibu mpya: mbunge akiona wageni, Spika ahoji Bunge papo hapo, bila mjadala, wengi waamue. Silaha ya mtu mmoja ikawa ya walio wengi. Utaratibu huo ndio vita vya karne ya 20 vilivyoukuta.

Naendelea, ngojeni niweke chai.

---

Dogo wa Makole

Nimekaa hapa mbele kabisa. Mzee shikamoo. Ila nifafanulie, Mamwinyi si wale wa kurithi? Wana kazi gani vitani mpaka tujadili kama watolewe au wabaki?

---

Karani Mstaafu

Marahaba kijana. Swali lako ndilo kiini cha uzi, umenirahisishia.

Usiwafikirie wale wazee wanaosinzia tu. Angalia serikali yenyewe. Baraza la Mawaziri la Vita ambalo Waziri Mkuu Chamberlain aliliunda Septemba 1939 lilikuwa na watu tisa. Watatu kati yao walikuwa Mamwinyi: Halifax wa mambo ya nje, Chatfield wa kuratibu ulinzi, na Hankey. Theluthi nzima ya watu wanaoendesha vita hawakuwa wabunge wa Makabwela.

Na Uingereza waziri hasemi katika baraza ambalo si lake. Halifax hawezi kuvuka akajibu swali kwa Makabwela. Anajibiwa na naibu wake. Jambo hilo lilizungumzwa Mei 1940 Chamberlain alipoanguka na jina la Halifax likatajwa kwa uwaziri mkuu. Mtu ataongozaje vita huku baraza lenye nguvu ya fedha na kura haruhusiwi kusema neno?

Sasa Makabwela wanataka kikao cha siri kuhusu vita. Kanuni inasema wageni nje. Ukiifuata neno kwa neno, waziri mwenye dhamana ya jambo linalozungumzwa anatolewa pamoja na mwandishi wa gazeti, anakaa koridoni kusubiri kuhadithiwa wizara yake ilivyosemwa. Umeona kichekesho?

Ndiyo maana Vita vya Pili Mamwinyi hawakutolewa. Siku hizi imeandikwa waziwazi katika Kanuni ya Kudumu namba 163: fungu la kwanza linaweka namna ya kuomba Bunge likae faragha, na la pili ni sentensi fupi tu, kwamba amri hiyo haiwahusu wajumbe wa Baraza la Mamwinyi. Mgeni yule aliyefukuzwa na Biggar ameachiwa mlango.

---

Chachandu

Mzee Karani, unaandika vizuri lakini mimi sikubali kirahisi. Makabwela wakati ule walikuwa 615. Ongeza Mamwinyi, tena hao ni mamia. Siri ya watu zaidi ya elfu ni siri hiyo au ni tangazo la mnadani? Mtaani kwetu siri ya watu watatu haifiki Ijumaa.

---

Karani Mstaafu

Chachandu, nakubali kwamba hawakumwambia kila mtu kila kitu. Tarehe ya kushambulia na mahali pa kutua jeshi havikusemwa hata humo ndani. Lakini kulikuwa na vizuizi vya kweli.

Sheria kwanza. Vita vya kwanza, Aprili 1916, walipokaa kwa siri kujadili kuandikisha watu jeshini kwa lazima, serikali iliongeza kifungu kwenye kanuni za ulinzi wa nchi, namba 27A, kikafanya kuchapisha habari za kikao cha siri kuwa kosa. Vita vya pili nao wakarudia mtindo huohuo.

La pili ndilo linalonifurahisha mimi karani: hakuna Hansadi. Waandishi wa Taarifa Rasmi nao walitoka. Kilichobaki ni maelezo mafupi yaliyotolewa kwa idhini ya Spika, mistari michache, fulani alisema, mjadala ukaendelea, Bunge likaahirishwa. Mimi niliyezeeka nikipiga chapa maneno ya watu, nikiifikiria karatasi ile tupu mwili unanisisimka. Hotuba ya Churchill ya tarehe 20 Juni 1940, siku chache tu baada ya Ufaransa kuomba kusitisha mapigano, haipo nzima popote. Tuna vijikaratasi vyake alivyoandika mwenyewe, mistari imekatwakatwa kama zaburi.

Makabwela waliondoa siri hiyo kwa azimio Desemba 1945, vita vimeisha. Mwaka uliofuata Churchill akazitoa hotuba zake za vikao hivyo kama kitabu.

---

Binti Kilindini

Assalam alaykum nyote. Mzee Karani, shikamoo. Mimi ni wa Mombasa na huu uzi umenigusa kwa sababu moja ya hizo hotuba yahusu bahari yetu kwa karibu.

Aprili 1942 Wajapani waliingia Bahari ya Hindi. Tarehe 5 wakapiga Colombo, wakazamisha manowari mbili, Cornwall na Dorsetshire. Tarehe 9 wakapiga Trincomalee, wakazamisha Hermes, meli ya kubebea ndege. Admirali Somerville akarudisha meli zake kubwa kuukuu nyuma, na nyuma yenyewe ni wapi? Ni hapa Kilindini. Wazee wetu waliona bandari imejaa manowari ghafla, na hakuna aliyewaambia kwa nini. Kule shule ya Allidina Visram, watu wa jeshi la majini waliweka kituo cha kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Waliosoma pale miaka ya baadaye wengi hawajui.

Tarehe 23 Aprili 1942, wiki mbili tu baada ya hayo, Churchill akawaweka wabunge ndani, milango ikafungwa, akawaambia jambo ambalo gazeti lolote lingeuza nyumba ilipate. Desemba iliyotangulia wapiga mbizi wachache wa Italia waliingia bandari ya Alexandria wakatega mabomu chini ya manowari mbili kubwa, Queen Elizabeth na Valiant. Zote mbili ziliharibika. Zilikalia mchanga, na kwa kuwa maji pale si ya kina, ukizitazama kwa mbali waona ziko sawa. Adui alidhani ziko sawa. Kwa hiyo Mwingereza hakutaka mtu apige chafya.

Hebu fikiri sasa. Mabaharia waliokuwa Kilindini hawakujua nguvu yao Mediterania imebaki kiasi gani. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki), ambao mwaka huohuo wangepelekwa Madagaska, hawakujua. Lakini bwana mmoja aliyerithi kiti kwa babuye ruhusa ya kusikia anayo. Nasema tu.

---

Chachandu

Binti umemaliza. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta maneno. Mlango umefunguliwa kwa waliozaliwa vizuri, ukafungwa kwa waliopiga kura na kwa waliopelekwa kufa.

---

Karani Mstaafu

Binti, marahaba, na ahsante kwa hilo la Allidina Visram, sikulijua.

Sitabisha kuhusu uonevu. Ila naomba tutenganishe mambo mawili. Kwamba Mamwinyi wasingekuwa na kiti kabisa, hiyo ni hoja ya katiba yao na wamebishana nayo miaka mia. Lakini maadamu kiti wanacho, na serikali imewapa wizara, kuwafungia mlango kungeharibu kazi. Kungezaa serikali inayosema jambo moja kwa Makabwela kwa siri na jingine kwa Mamwinyi kwa siri, na hakuna anayeweza kulinganisha. Mtu aliyesikia pande zote mbili ni kizuizi kidogo dhidi ya uongo. Mimi hilo nalithamini kuliko nasaba yake.

Halafu kuna kituko cha Mei 1941 ambacho lazima nikisimulie. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11, mabomu ya Wajerumani yaliuteketeza ukumbi wa Makabwela. Ulibaki moshi na kuta. Wakakosa pa kukaa. Mamwinyi wakawapisha: Makabwela wakahamia ukumbi wa Mamwinyi, kwenye viti vyekundu, na Mamwinyi wenyewe wakajibana katika chumba ambacho mfalme huvalia mavazi yake ya sherehe. Ikawa hivyo mpaka ukumbi mpya ulipofunguliwa Oktoba 1950.

Kwa hiyo kikao alichokitaja Binti, cha Aprili 1942, kilifanyika katika ukumbi wa Mamwinyi. Mwinyi aliyetaka kusikiliza alipanda jukwaa la nyumba yake mwenyewe, akaketi kama mgeni, akiwatazama wapangaji wamekalia viti vyake. Kama Makabwela wangesema "wageni nje" bila kumbakiza, wangekuwa wamemfukuza mwenye nyumba sebuleni kwake.

---

Dogo wa Makole

😂😂 Mpangaji anamwambia baba mwenye nyumba "tafadhali tupishe tuna mazungumzo". Kodi yenyewe halipi.

---

Mwana wa Ruzizi

Salamu kutoka Bukavu. Sisi tulirithi mtindo wa upande mwingine, kwa hiyo acheni niwaletee Ufaransa.

Kule jambo lilikuwa na sura tofauti kwa sababu ya sheria ya katiba ya Julai 1875. Ilisema kila baraza laweza kujigeuza kamati ya siri, na palepale ikasema mawaziri wana ruhusa ya kuingia mabaraza yote mawili na lazima wasikilizwe wakiomba. Kwa hiyo kile kichekesho cha Halifax hakingetokea Paris. Waziri ndiye daraja. Yeye anavuka, wajumbe wanabaki kila mtu kwao.

Juni 1916, mapigano ya Verdun dhidi ya Wajerumani yanawaka moto, wabunge wakakaa kwa siri tangu tarehe 16 hadi 22 katika Palais Bourbon. Maseneta hawakuridhika na habari za jirani. Wakafanya kikao chao cha siri, Palais du Luxembourg, tarehe 4 hadi 9 Julai. Vita vilevile, makosa yaleyale ya majenerali, Waziri Mkuu Briand huyohuyo, anabanwa mara mbili. Kumbukumbu za wabunge ziliandikwa na kufungiwa, kisha zikachapishwa katika gazeti rasmi baada ya vita. Hapo Mfaransa alimshinda Mwingereza, mzee Karani, usinikatalie.

Na kuna Lyautey. Machi 1917 alikuwa waziri wa vita, mwanajeshi aliyezoea kutawala Moroko bila kuulizwa. Wakataka azungumzie ndege za kivita kwenye kikao cha siri. Akasimama akakataa kwamba hata kwa siri hatasema, ni kuhatarisha ulinzi. Kelele zikazuka palepale. Siku hiyohiyo akajiuzulu, na siku chache baadaye serikali ya Briand ikaanguka. Yeye aliwaona wabunge wote kuwa wageni, hata ndani ya nyumba yao.

---

Karani Mstaafu

Mwana wa Ruzizi, kuhusu kumbukumbu nasalimu amri. Karani yeyote angependa za Kifaransa.

---

Mtoro wa Bagamoyo

Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo. Mmesahau Australia, na nadhani wao walipata jibu fupi zaidi.

Tarehe 19 Februari 1942 Wajapani walipiga mji wa Darwin kwa mabomu. Watu zaidi ya 230 walikufa. Kesho yake, tarehe 20, Canberra hawakubishana nani mgeni nani mwenyeji. Waliwakusanya wawakilishi na maseneta pamoja, katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, kikao kimoja cha siri. Wote wakasikia kinywa kimoja kwa wakati mmoja. Kisheria ule ulikuwa mkutano tu wa watu wa mabaraza mawili, haukuwa kikao rasmi cha baraza lolote, na wala hawakupitisha chochote. Lakini lile la "sisi tuliambiwa hivi, ninyi mliambiwaje" likafa.

---

Binti Kilindini

Na hapo ndipo nataka kuwauliza Wakenya wenzangu. Sisi tuna mabaraza mawili tangu 2013. Ibara ya 95 yasema Bunge la Taifa ndilo laidhinisha kutangaza vita. Seneti haikutajwa hapo. Ibara ya 118 yasema umma na waandishi hawatolewi isipokuwa Spika husika ameona pana sababu za kipekee. "Umma" na "waandishi". Je, seneta aliyekuja kusikiliza ni umma? Yeye ana kaunti nzima nyuma yake, na labda ni kaunti ya mpakani ambako hivyo vita vitapigwa.

---

Chachandu

Hapo hata mimi nabadilika. Seneta wa kuchaguliwa aingie. Ubishi wangu ulikuwa na wale wa kurithi.

---

Dogo wa Makole

Kwa hiyo tatizo lako si mlango, ni anayepita mlangoni.

---

Chachandu

Dogo usinitegee. Ila ndiyo.

---

Karani Mstaafu

Binti, kwa maoni yangu Spika mwenye busara angefanya kama Mtoro alivyosimulia: awaite wote ukumbi mmoja, asingoje mtu asimame kuhoji nani ni umma. Kusoma neno "umma" kwa kulinyoosha mpaka limfikie seneta ni kazi ya mawakili, na vita havisubiri mawakili.

Naenda kulala, ila Dogo aliniuliza kwenye ujumbe wa faragha kama ule mtindo wa "Naona wageni" bado upo. Maneno yenyewe yaliachwa 1998. Sasa mbunge anatoa hoja "kwamba Bunge likae faragha". Mara ya mwisho ninayoijua hoja hiyo kupita ni tarehe 4 Desemba 2001, wakijadili muswada wa ugaidi baada ya yale ya Septemba New York.

Siku nyingine zote hoja hiyo imekuwa mchezo wa Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku ya miswada binafsi, wabunge wengi wameshaondoka kwenda majimboni. Wakipiga kura na hawafiki 40, jambo lililokuwa mezani linaahirishwa. Kwa hiyo anayetaka kuua muswada anasimama adhuhuri, "Bunge likae faragha", akitumaini ukumbi ni mtupu. Na kwa kuwa hoja hiyo hairuhusiwi zaidi ya mara moja kwa kikao, mwenye muswada naye kajifunza: rafiki yake anaitoa mwenyewe asubuhi watu wakiwa bado wengi, wote wanapaza sauti kuikataa, mchezo umekwisha kabla haujaanza. Jukwaani wageni wanatazamana, hawajui kama wameponea chupuchupu kutolewa nje.

---

Dogo wa Makole

Ijumaa hii naangalia mtandaoni. Mzee usiku mwema, chai umeinywa au imepoa?

---

Karani Mstaafu

Imepoa tangu Verdun.